Apoline Hakuwa na Kiburi

Apoline Mpawenimana, binti Baltazari, mjukuu wa Ntirampeba. Ntirampeba ndiye aliyekwenda manamba Tanga, kukata mkonge, akarudi Nyakitonto na cherehani kichwani, wenzake wakirudi na kikohozi. Baltazari, wakati wa operesheni ya vijiji, aling'oa mlango wa nyumba yake akaubeba mgongoni mpaka kiwanja kipya. Alisema serikali imemhamisha yeye, mlango haikuutaja. Apoline mwenyewe alishona sare za watoto wa shule tatu, na wakimbizi walipomiminika kutoka Burundi alikata mablanketi akawashonea watoto wao makoti. Mumewe alipofariki aliwalea Fidele na Skola kwa cherehani ile ile ya babu. Huyo ndiye mwanamke waliyemwita mwenye kiburi.

Sisi Waha salamu si neno la kutupiana njiani. Mdogo anainama, anapiga makofi taratibu, anauliza habari za nyumba, za mifugo, za mvua, na mkubwa anamjibu mpaka mwisho. Ukimpita mtu aliyekuinamia, umemtukana yeye na aliyemzaa. Basi ikafika mwaka Apoline akaanza kuwapita watu. Wanawake walimwinamia kutoka ubavuni, njia ya kisimani, wakabaki wameinama.

"Apoline siku hizi wa mjini," akasema Mwajabu, muuza mawese. "Shingo haigeuki."

"Itageukaje? Imeshonewa kola," mwenzake akajibu, wakacheka.

Mimi ndugu yake nilipomwambia yanayosemwa, alinitazama usoni akashangaa. "Mwajabu kaniinamia mimi? Wapi, dada?" Huku anatunga uzi kwenye sindano, mara moja tu, umepita. Nani angesema macho yale yana shida?

Yeye alijua. Bega lake lilikuwa linagonga miimo ya milango, na kichwa kilimuuma nyuma ya paji la uso kila alfajiri. Akaenda kliniki ya macho mjini Kasulu. Wakamsomesha herufi ukutani, akazisoma mpaka mstari wa chini kabisa. "Mama, unaona kuliko mimi," akaambiwa. "Ni umri tu." Wakampa miwani ya kusomea. Akarudi tena, akarudi tena, mpaka wakasema ni presha ya macho, ile inayokula macho taratibu kutoka pembeni. Dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Apoline hakukosa tone hata moja. Aliambiwa dawa, akaamini dawa.

Ndipo Skola akaolewa Kibondo.

Siku ya sherehe tulikwenda wote. Katika nyumba ile ya wakwe, baba wa bwana harusi humletea mama wa binti kibuyu cha pombe kwa mikono miwili, anywe wa kwanza, ndipo undugu unafungwa. Mzee Ntahondi alimjia Apoline kutoka kushoto, ameinama, kibuyu mikononi, uwanja mzima umenyamaza. Apoline alikuwa anamtazama mwanawe mbele yake. Akainuka. Bega likapiga kibuyu, kikaanguka kikapasuka, pombe ikamwagika miguuni mwa mzee.

Kisha akasema neno lililoharibu zaidi. "Nani kaweka kibuyu hapa?"

"Hakikuwekwa," mzee Ntahondi akajibu taratibu. "Kilikuwa mikononi mwangu."

Wazee wakaketi. Baba hayupo, kwa hiyo aliyesimama kuisemea nyumba yetu ni Fidele, mtoto wa kwanza wa Apoline, seremala, mtu mzima mwenye watoto. Alisema, "Wazee, mama yetu amekosa. Ni kiburi cha ujane. Mtusamehe." Wakamtoza mama apike pombe nyumbani kwake, aifikishe Kibondo, aombe radhi mbele ya watu wote. Apoline aliipika, akaipeleka, akapiga magoti pale uwanjani, chupa ya matone ikiwa kwenye pochi. Na Skola tangu siku ile wifi zake wakamwita binti wa mvunja kibuyu. Maji akiteka, mtungi ukipasuka, wanasema ni tabia ya ukoo.

Haukupita muda, hata mbele kukaanza kuwa na ukungu. Apoline alishona mkono wa shati kwenye shingo. Akarudi kliniki, na safari hiyo akamkuta daktari mgeni aliyekuja kwa wiki moja. Huyo hakuwasha mashine. Alimziba jicho moja kwa kiganja, akanyoosha vidole pembeni.

"Vingapi, mama?"

"Sioni vidole, baba. Sioni hata mkono."

Akaziba jicho la pili, ikawa hivyo hivyo. Kila jicho limekufa upande wa nje, upande wa pua ndio umebaki. Akamuuliza kama kichwa kinamuuma, akaambiwa kila alfajiri.

"Nani alikwambia ni presha ya macho?"

"Wenzako."

Macho yenyewe yalikuwa mazima. Ni uvimbe chini ya ubongo, umekalia mishipa ya macho pale inapopishana. Mwanza wakampiga picha ya kichwa, wakampasua. Jicho la kushoto halikurudi. La kulia linaona uso wa mtu akikaa mbele yake, basi. Na daktari mmoja wa huko akamwambia pale kitandani, "Mama, mngewahi."

"Niliwahi," Apoline akasema. "Nilikaa kwenye mabenchi ya kliniki mpaka wakanijua kwa jina."

Hashoni tena. Watu wanakuja na pole, wanasimama mbele yake wanapaza sauti kana kwamba ni kiziwi. Mwajabu alileta chupa ya mawese. Alipoondoka Apoline akaniambia, "Umeona? Sasa wote wanaijua njia ya mbele."

Mwezi uliopita, tumetoka kanisani, akamwita Fidele. Mimi nilikuwepo.

"Utakwenda Kibondo, kwa Ntahondi."

"Kufanya nini, mama?"

"Uliposema mama yetu amekosa, ulisema kwa kinywa chako. Kinywa hicho hicho kitakwenda kusema hakukosa, alikuwa mgonjwa."

Fidele akatazama chini. "Mama, yale yamekwisha. Wenyewe wameshasahau."

"Na wifi zake Skola, nao wamesahau akienda kisimani?"

Fidele akasogea mbele yake, amwone.

"Utasimama katikati ya uwanja. Utawaeleza habari ya vidole, uwapime wenyewe kama hawaelewi. Utamwambia mzee, namheshimu, sikumwona. Na neno la kiburi walifute mbele ya wifi zake Skola."

"Nitakwenda, mama. Nipeleke na pombe?"

"Usibebe pombe. Ukibeba pombe watadhani tumekosa tena. Nenda mikono mitupu, na uende siku ya gulio, wawepo wengi."