Maziwa ya Mama Paulina

Nilisikia pasi ikigusa kitambaa kibichi. Ndivyo nilivyodhani: ile sauti fupi, kali, chaaa, iliyokuwa ikitoka mama aliponyunyizia maji sketi ya shule na kuikandamiza kwa pasi ya mkaa. Nilikuwa nimekaa ukumbini nikichambua mchele, mgongo nimeupa ua, na sikugeuka. Kisha nikaiona pasi yenyewe iko hapo pembeni yangu, baridi, kifuniko wazi, inangoja mkaa. Kabla sijaelewa nilichokuwa nakitazama, mama akapiga yowe.

Nyumba yetu ilikuwa Temeke, upande ambao mji ulikuwa bado haujaamua kama ni mji. Mbele kulikuwa na barabara ya vumbi na duka la ushirika. Nyuma ya ua kulikuwa na mihogo, mikorosho, na majani yaliyonipita kimo. Masika yalipoanza, maji yalijaa bondeni na nyoka wakapanda kutafuta pakavu, na pakavu palikuwa kwetu. Tulilelewa kwa adabu za nyoka kama wengine wanavyolelewa kwa adabu za wageni. Kukung'uta viatu. Kutotia mkono kwenye kiota cha kuku bila kuchungulia. Kugonga ardhi kwa fimbo na kupiga hodi mlangoni mwa choo, hata ukijua hamna mtu. Bibi, mama yake baba na mwenye nyumba, alituambia nyoka akisikia hodi huondoka kwa heshima zake. Nilipiga hodi hiyo kila asubuhi kwa sauti inayotetemeka, kisha nikangoja, nikiogopa kwamba siku moja nitakaribishwa.

Masika yale mama alikuwa hasemezani na Mama Paulina, mpangaji wa chumba cha mwisho. Huyu alikuwa mama wa watu kutoka Newala, mrefu, mwenye kitoto kichanga kisichobanduka kifuani. Mumewe alikuwa mchonga vinyago, na magogo yake ya mpingo yalirundikwa uani karibu na kamba ya kuanikia nguo. Mama aliyaona magogo yale kuwa nyumba ya nyoka. Mama Paulina alisema nyoka hali magogo, anakula vifaranga, na vifaranga ni vya nani? Walianza kwa maneno, wakamaliza kwa kununiana. Shuleni tulisimama mstarini asubuhi tukiimba umoja na kujitegemea. Nikirudi nyumbani nilifanywa posta ya watu wawili wanaopishana kwenye ukumbi mmoja. "Zuhura, mwambie mama yako kuku wake wamekunya ndani ya sufuria yangu." "Mwambie aliyekutuma afunike sufuria." Mwishowe mama alimwendea bibi: ama magogo yatoke, ama yeye. Baba alikuwa kazini relini, mbali, hakuwepo kumtuliza. Bibi akamwambia mchongaji atafute ua mwingine, naye akapata, kule Pugu. Alikuwa akingoja mvua ipungue tu ahame.

Siku ya yowe, upepo ulikuwa umeangusha kitambaa kutoka kwenye kamba. Mama aliinama kukiokota, na swila akamtemea sumu machoni. Hakumwona. Alipigwa na kitu kama mvua ya pilipili, akaanguka magotini, viganja vikikimbilia macho. "Usisugue!" bibi alipaza sauti, akamkamata mikono yote miwili kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Zuhura, maji! Lete ndoo!" Nikamimina maji usoni mwa mama, ndoo nzima, kisha nyingine, miguu yangu ikitafuta pa kukanyaga, kwa maana swila alikuwa bado mle uani na hakuna aliyejua ni wapi. Macho ya mama yalikuwa yamevimba kama ngumi mbili. Alirudia jambo moja tu: "Cherehani yangu. Mama, cherehani yangu." Alikuwa fundi. Sare za watoto wa mtaa wote zilipita mikononi mwake, na uzi hautungwi kwa kupapasa.

"Nani ananyonyesha humu?" bibi aliuliza. Kwetu ilijulikana kwamba macho yaliyotemewa na swila huoshwa kwa maji, kisha hutulizwa kwa maziwa ya mama mwenye kichanga. Bibi alijua jibu, sote tulilijua. Nilitazama mlango wa chumba cha mwisho. Mama Paulina alikuwa amesimama hapo, mtoto mkononi, uso hauna hata mkunjo mmoja wa kunisaidia kuusoma. Kisha akanipa mtoto, akavuka ua bila kugonga ardhi kwa fimbo, akapiga magoti.

"Mlazeni. Kichwa huku."

"Nani huyo?" mama aliuliza. Nadhani alishajua. Mama Paulina alinukia vumbi la mpingo siku zote.

"Nyamaza. Ukifungua mdomo yatakuingia, halafu uwe mwanangu bure."

Bibi alicheka huku analia. Maziwa yalidondoka, tone, tone, kwenye upenyo mwekundu uliobaki wa kila jicho, na mama akatulia kama mtu aliyeshikwa na aibu kuliko maumivu.

Zahanati walimwosha tena, wakampaka dawa, wakamfunga kitambaa cheupe. Mganga alisema maji ya haraka yamemsaidia sana, maziwa hayana ubaya mkono ukiwa safi, ila kama ataona sawasawa, hilo hawezi kuliapia. Hapo ndipo hofu ilipokuja kukaa nasi. Nilimlisha mama kwa mkono. Nilijifunza kumtembeza. Cherehani ilifunikwa kanga, na kila nilipoipita niliona kama kuna maiti. Kila asubuhi na kila jioni Mama Paulina aliingia, akafungua kitambaa, akasema, "Inua kope," akadondosha, akatoka.

Na swila alikuwa bado yupo. Mchongaji aliyaondoa magogo yake moja moja kwa mti mrefu, sisi tukiwa tumepanda juu ya vinu na meza, na balozi wetu wa nyumba kumi akisimamia zoezi huku ameziba uso kwa chekeche.

"Mzee, chekeche lina matundu," mchongaji alimwambia.

"Ndiyo nione!" balozi alijibu. "Wewe fanya kazi."

Chini ya magogo hatukukuta kitu ila mijusi na tandu. Mkokoteni ukayabeba mpaka kwenye lori, yakaenda Pugu, na ua ukabaki na alama nyeusi ya mstatili pale yalipokuwa. Bibi hakuridhika. Akaamuru kibanda cha kushonea nacho kipekuliwe. Nyuma ya meza ya kukatia kulikuwa na gunia la mabaki ya vitambaa, ambayo mama aliyaweka kwa ajili ya mito. Mchongaji alilichoma gunia kwa ncha ya mti, na likajibu: chaaa. Alimpiga humo humo ndani, mara nyingi, mpaka balozi akamwambia basi. Tulipomwaga gunia, kulitoka kiota cha panya, gamba kavu la nyoka refu kuliko mimi, na swila mwenyewe, amezongwa na vipande vya sare zetu.

"Basi, mwanangu, msihame," bibi alimwambia mchongaji. Akajibu kwa upole kwamba magogo yameshatangulia, na yeye huyafuata magogo.

Leo naishi Mikocheni, ndani ya ukuta wa matofali, sakafu ya saruji, geti la chuma. Sijawahi kuona hata gamba. Bado nakung'uta viatu, na mwanangu ananicheka. Sitaki kuipamba Temeke ile. Niliishi nimekunja vidole vya miguu, na nisingependa mtoto wangu apige hodi nilizozipiga. Lakini jirani zangu nawajua kwa mlio wa mageti yao tu. Yakinipata yaliyompata mama, nitapiga yowe, nami sijui ni nani anayenyonyesha katika mtaa huu.

Asubuhi ya kuhama, Mama Paulina aliingia kama kawaida, mtoto amefungwa mgongoni tayari kwa safari. Alifungua kitambaa, akadondosha. Mama alipapasa hewani mpaka akashika pindo la kanga yake.

"Lilikuwa gunia langu," alisema.

"Najua. Nilikuwepo." Mama Paulina aliuacha ule mkono ushike. Kisha akautoa polepole, kidole kwa kidole. "Usifumbue mpaka yakauke, Mama Zuhura. Na kuku wako, ulivyowalea, wamenishinda tabia."

Mama akacheka, na katika kucheka akafumbua. Alipepesa. Maziwa yalimtiririka mashavuni. Nilisogea nikasimama mbele yake, nikamwita, naye akanisukuma pembeni kwa mkono, taratibu, kwa sababu nilikuwa nimemkinga. Alikuwa anaona. Aliona mbao, aliona bawaba, aliona ule ufa wa pale juu. Mlango ulikuwa umeshafungwa nyuma ya Mama Paulina.