Ghorofa la Kuonea Msumbiji

Wenzangu mliokunywa maji ya mvua yaliyolala shimoni mkayaita matamu, hebu tukumbushane. Enzi zile watoto wa Newala tuliujua mji mkubwa kabla ya kuuona. Mimi darasa la pili sikulimaliza, lakini ungeniuliza mgeni akifika Dar es Salaam anatembezwa wapi, ningekujibu bila kujikuna kichwa.

Aliyetuletea mji ni mjomba wangu Saidi, kuli wa bandarini. Alirudi likizo, miaka michache baada ya Uhuru, na kofia pana na redio isiyo na betri. Alikaa barazani akifyonza bibo, tunda la mkorosho, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, akitusimulia. Kwanza pantoni, linavusha watu na magari. Halafu sanamu ya askari, kashika bunduki miaka yote wala hachoki. Halafu tausi wa Ikulu. Mwisho, ghorofa lenye lifti.

"Unaingia kichumba, mlango unajifunga. Ukifunguka, uko juu. Unaona dunia yote."

"Wewe Saidi," mama akamkata, "huko juu maji wanachota wapi?"

"Yanatoka ukutani, dada."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mtu anashuka bondeni na debe alfajiri, anarudi jua la utosi, unamwambia maji ya ukutani! Tangu siku hiyo mwongo kwetu aliambiwa, "Hayo ni ya ukutani."

Nimeacha njia, narudi. Tukauchora mji mchangani, chini ya mikorosho. Pantoni lilikuwa kifuu cha nazi, askari mchi, tausi jogoo wa jirani, ambaye hakukubali cheo hicho hata siku moja. Ghorofa lilikuwa kichuguu. Mtembezaji mimi.

Mgeni alikuwa Filomena. Alivuka Ruvuma na bibi yake vita vilipowaka kwao Msumbiji, wakafika kwetu miguu imevimba. Mama akawapa ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha. "Mgeni haulizwi atarudi lini," alisema, "anaulizwa kama ameshiba." Baba yake Filomena alibaki nyuma kuwavusha wengine. Alisema atafuata. Misimu miwili ya mvua ikapita, hajafuata.

Jioni Filomena alinishika mkono twende ukingoni, pale ardhi inapokatika ukaona bonde lote, mto kama uzi, na ng'ambo nchi yao, rangi ya moshi. Walimu waliotoka mikoa mingine walikuja pale Jumapili na wake zao, wakisema, "Mandhari nzuri!" Sisi tukadhani Mandhari ni mtu anayekaa kule chini. Siku moja Filomena akaniuliza taratibu, "Huyo Mandhari, baba yangu anamjua?"

Nchi alikuwa anaiona. Mtu haonekani. Na hapo ndipo nilipokosea. Tulipofika kichuguuni katika ule mchezo wetu, aliniuliza, "Juu ya ghorofa, kwetu panaonekana?"

"Mjomba kasema dunia yote. Baba yako utamwona."

"Hata akiwa kivulini?"

"Hata kivulini."

Sikusema uongo, wallahi, niliamini. Ukingo wetu mrefu unaonyesha nchi, basi ghorofa, lililo refu zaidi, litaonyesha watu. Toka hapo pantoni hakulitaka tena, wala tausi. Alikwenda moja kwa moja kichuguuni, akapanda, akaweka kiganja juu ya macho. Wenzetu wakamtania, "Mgeni gani huyu, hata salamu hajatoa kashafika juu!"

Ikaja amri ya kukaa pamoja kijiji cha Ujamaa, na vita vile ng'ambo vinakaribia. Sisi tulipanda lori moja. Filomena na bibi yake wakapandishwa jingine, la kambi ya wakimbizi. Aliinama kutoka kwenye bodi akaniambia, "Mwenzangu, ukilifikia ghorofa wewe kwanza, niangalizie baba. Ana shati la kaki, mguu wa kushoto anachechemea. Mwambie tumehamishwa."

Nikasema ndiyo. Hatujaonana tena. Msumbiji ilipopata uhuru wake watu wengi walirudi kwao, nami niliuliza kila aliyepita kwenda mtoni. Hakuna aliyemjua Filomena wala baba yake.

Juzi juzi mjukuu wangu Zuhura alinipeleka Dar es Salaam kutibiwa macho. Yalipofunguliwa bandeji akasema, "Bibi, hurudi Newala kabla sijakutembeza." Pantoni nimelipanda. Askari bado amesimama. Lifti ilinipandisha tumbo likabaki chini. Kule juu vijana walikuwa wamejaa, wote wameipa mandhari mgongo, wanajipiga picha. Enzi zetu mtu akifika mahali pa kuangalia, aliangalia.

"Kusini wapi, mjukuu wangu?"

Akauliza simu yake kwanza. "Kule, bibi. Mbagala."

"Na mbele ya Mbagala?"

"Hakuna kitu, bibi. Mawingu tu. Kwani unatafuta nini?"

Niliweka kiganja juu ya macho yangu mapya. Kwetu, bila lifti wala tiketi, tuliona nchi ya watu. Hapa niliona mabati mpaka mawinguni. Chini barabarani watu walikuwa wengi, wadogo kama sisimizi, wa kaki nao wamo. Nikawaangalia mmoja mmoja mpaka Zuhura akanivuta mkono. Lakini kutoka juu vile, jamani, hakuna mtu anayeonekana kuchechemea.