Ndizi ya Fisi

Harufu ya ndizi inayoungua kwenye makaa hunirudisha jikoni kwa bibi, moshi ukitambaa taratibu, mbuzi wakitafuna majani pembeni. Katika hadithi zake, wenzangu wote walimpenda sungura kwa ujanja wake. Mimi nilimpenda fisi, maana kila hadithi ilimwacha na njaa.

"We naye! Umpende mlafi?" kaka alinicheka.

Jioni moja sikula ndizi yangu ya kuchoma. Nilimwekea fisi kihambani, shamba letu la migomba kando ya nyumba, chini ya mgomba mmoja. Asubuhi haikuwepo.

"Shikamoo bibi! Fisi amekula!"

"Marahaba. Amesema ahsante, mjukuu wangu," alijibu bibi, masizi ya ndizi yakiwa bado kidevuni.

Leo nyumbani kwangu tuko wawili tu, lakini makaani nimeweka ndizi tatu.