Wimbo wa Luciana wa Kura za Maoni

Luciana, mwanangu wa kwanza, hutunga wimbo huku analima. Mimi niliishia darasa la nne, sijui kipaji hicho alikitoa wapi. Harusi za hapa Ilongero, za Wakristo na za Waislamu, zote walimwita yeye.

Mwaka wa uchaguzi alimwimbia Miraji, aliyetaka chama chetu kimsimamishe kugombea ubunge. Aliyeshindana naye ndani ya chama alikuwa Elisha, mtu mnene, mwenye kichwa cha kuonekana. Luciana akatunga: "Alizeti kichwa kikubwa, ukiipura haina mbegu." Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Nikamuuliza, "Huyo akishinda utamwimbia nini?"

"Hashindi, Mama. Wewe unaogopa hata kuku akikohoa."

Elisha akashinda kura za maoni za chama.

Chama kikaitisha mkutano wa kuvunja makundi. Elisha na Miraji wakakumbatiana, tukapiga makofi. Kisha Elisha akamwita Luciana mbele.

"Dada yangu, alizeti yenyewe ndiyo hii. Sasa itilie mbegu."

Watu wakacheka, Luciana naye akacheka. Mimi nilikuwa naitazama mikono yake. Alikuwa anakunjakunja pindo la kitenge, kama siku ile alipovunja chungu changu akiwa mdogo.

Akatunga wimbo mpya, mzuri kuliko ule. Lakini alipouanza kwenye kampeni, watu wa Miraji waliosimama nyuma waliitikia ule wa zamani, wakiinua vichwa vikavu vya alizeti. Akawafuata majumbani kuwaomba waache. Anastazia, aliyekuwa mwitikiaji wake, alimjibu huku anachambua mboga:

"Ulitufundisha mwenyewe, shoga. Tuusahau kwa dawa gani?"

Baadaye gari la chama kingine likapita na spika, likiupiga. Ilikuwa sauti ya mwanangu, mtu alikuwa ameirekodi kwa simu.

Siku ya kupiga kura nilipita kwa Anastazia na kwa jirani zake. Wote walikuwa uani kwao, wamekaa, hawana haraka ya kwenda popote. Chama chetu kikalikosa jimbo kwa kura chini ya mia mbili.

Hakuna aliyemtukana Luciana. Ila harusi mbili zimepita bila yeye kuitwa, na sasa anapeta uwele kimya.

Jana nilikuwa nambembeleza mtoto wake, Happiness, nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema alizeti kichwa kikubwa. Luciana aliinua macho, akanitazama. Nikaukata wimbo. Mtoto akaanza kulia, na sikupata wimbo mwingine.