Pikipiki Iliyokaguliwa Meno

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu ambayo hata leo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni, mpaka watu wa nyumba hii wanafikiri nimeanza kuzeeka vibaya. Ni siku wazee wa ukoo wetu, pale Butiama, walipoikagua pikipiki meno. Nicheke nisicheke, siku ile ndiyo niliyokaribia kumharibia kaka yangu maisha, na mkono ulioharibu ulikuwa huu wangu. Kaa nikueleze.

Mimi shule nimefika darasa la nne tu, lakini akili Mungu alinipa na nusu ya jirani. Na nilikuwa mzuri. Usicheke, uliza mtu yeyote wa rika langu, wachache waliobaki. Shingo yangu ilikuwa na mistari kama kikapu kipya. Basi akatokea kijana wa Kitaji, Musoma mjini, jina lake Kisiri, huyo babu yako ambaye hukumkuta. Kazi yake ilikuwa kubeba samaki wakavu na dagaa kutoka mwaloni, kule mitumbwi inakoshushia samaki, kuwaletea watu wa huku ndani. Alikuwa anabebea kwenye pikipiki.

Pikipiki yenyewe sasa! Ilikuwa ya Mjapani, kweli, lakini ilishasahau rangi yake. Madigadi yamefungwa waya. Siti imechakaa, akaishonea ngozi ya mbuzi, na manyoya bado yapo. Ilipita miaka ile ya shida, wewe hukuwepo, sabuni ilikuwa inakatwa vipande kama keki, tunafulia majani na majivu, sukari tunaisikia kwenye redio. Spea zilikuwa hazipatikanagi hata kwa maombi. Waya wa klachi ukikatika Kisiri anaweka wa breki ya baiskeli. Raba ikichoka anakata tairi kuukuu. Na ile kitu inawaka! Unapiga kiki moja, inakohoa kama mzee, halafu inaenda. Watu wa Musoma walikuwa wanasemaga ya huyu Mjapani haifi, inachoka tu ikapumzika. Wajawazito wameipanda kwenda hospitali. Padri ameipanda. Maiti mmoja pia, nasikia, amekalishwa katikati.

Sasa mambo yakafunguliwa, biashara ikaruhusiwa. Maduka ya Musoma yakajaa mpaka vitu vikawa vinaning'inia nje, mitumba, redio, mabeseni ya rangi zote. Kisiri naye akanunua pikipiki ya pili, mpya, nyekundu, inang'aa hadi unajiona meno. Kwenye tangi ina nembo ya yuleyule Mjapani. Aliyemuuzia alimwapia kwamba ni ndugu wa ile ya kwanza, baba mmoja, mama mmoja.

Kwetu mwanamke anatoka kwa ng'ombe. Na ng'ombe wa dada ndio wanaomwoa kaka, hapo usipitwe, ndipo shida ilipolala. Kaka yangu Magesa alikuwa amempenda binti wa Mzee Wambura, kule Bunda, anaitwa Nyangi. Alimpenda mpaka akawa hali ugali, anauangalia tu. Mzee Wambura alisema wazi: mahari itakayotolewa kwa dada yako, mniletee. Baba yangu alitaka ng'ombe kumi. Kisiri alikuwa na sita. Akasema badala ya wale wanne atatoa pikipiki, na baba, kwa kuwa Mzee Wambura alikuwa anatamani pikipiki kuliko mbingu, akakubali.

Siku ya kikao Kisiri alikuja na zote mbili, moja ameiendesha yeye, nyingine mshenga wake. Akasimama mbele ya wazee, nami nipo jikoni na shangazi tunachungulia kwenye ufa.

"Wazee wangu," akasema, "natoa hii kuukuu. Naijua tabia yake. Hii nyekundu nina wiki tatu nayo tu, siwezi kumpa mtu kitu nisichokijua."

Mwanangu, nilihisi moto masikioni. Mimi! Niolewe kwa chuma chenye manyoya ya mbuzi! Niliwaona tayari wasichana wenzangu kisimani wakijiziba midomo kwa kanga. Nikamshika shangazi mkono. "Shangazi, toka ukawaambie. Atoe nyekundu. Asipotoa, mimi siendi Kitaji, nitazeekea hapa."

"We mtoto, mwanaume amesema mwenyewe."

"Amesema kwa uchoyo. Anataka nzuri abaki nayo."

Shangazi akatoka, akamnong'oneza mshenga, mshenga akamnong'oneza Kisiri. Nilimwona Kisiri akigeuza uso kuelekea ufa wetu. Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu anayeona mvua inanyesha juu ya dagaa wake alioanika. Akasema, "Basi, ndugu zangu. Nyekundu."

Ndipo ukaguzi ukaanza. Kwetu ng'ombe wa mahari hapokelewi hivihivi. Anashikwa pembe, anaangaliwa meno, anapapaswa ubavu, anainuliwa mkia. Baba yangu mdogo Marwa, ambaye hakuna ng'ombe aliyewahi kumdanganya, akavua kofia, akaizunguka pikipiki mara tatu. Akashika usukani, akautikisa. "Pembe zimekaa sawa." Akapiga siti kofi. "Nundu ipo." Akachuchumaa nyuma akaangalia kwenye bomba la moshi kwa muda mrefu.

"Marwa, unatafuta nini huko?" baba akamuuliza.

"Natafuta kama imeshazaa."

Mzee mwingine akataka kuona meno. Mshenga, kijana wa mjini, akaanza kucheka, akakaziwa macho, akafungua kifuniko cha mnyororo haraka. Wazee wakainama wote, wakahesabu meno ya sproketi, lile gurudumu la mnyororo. "Mchanga huyu," wakakubaliana. "Hata hajabadilisha." Kisha baba mdogo akauliza lile swali ambalo huwa wanauliza mwisho: "Mama yake tunamfahamu?" Kisiri akajibu, "Mimi sijamfahamu." Wazee wakaangaliana. Lakini ilikuwa inang'aa, na pombe ilikuwa inasubiri. Wakapokea.

Wiki iliyofuata ndiyo ikapelekwa Bunda. Ng'ombe walishatangulia na wachungaji. Mimi na shangazi tulipanda lori la pamba, tukawahi kwa Mzee Wambura, nikajipanga mlangoni na vigelegele vyangu. Nyangi amepakwa mafuta, amekaa ndani anasikiliza. Tukasikia injini. Nikapiga vigelegele mpaka koo likauma. Kumbe ni mashine ya kusaga ya jirani.

Tukakaa. Jua likapanda, likaanza kushuka. Ndipo tukawaona. Magesa anasukuma, shati limeganda mgongoni. Baba mdogo Marwa yuko nyuma, amebeba ekzosi, lile bomba la moshi, kwapani kama kuni, na kwenye mfuko wa koti lake zimechungulia saitimira mbili, vile vioo vya pembeni. Ilifika Kiabakari vizuri, walisema. Baada ya hapo ikawa inaacha vitu njiani kama mtoto anayevua nguo akienda ziwani.

Mzee Wambura alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na hao ndio wabaya. Akaitazama. "Magesa, mwanangu. Hii imekuja kuoa au imekuja kuzikwa?"

Akaagiza aitwe Fundi Rajabu. Huyu alikuwa Mwislamu wa pale Bunda mjini, baba yake katokea Tabora, mama Musoma, na hakuna injini iliyokufa Bunda bila yeye kusoma dua yake. Akaja na bisibisi moja tu. Akaweka ncha kwenye injini, mpini sikioni, akamwambia Magesa apige kiki. Akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari. Kisha akapitisha ukucha kwenye ile nembo ya tangini. Ikabanduka. Chini yake kulikuwa na jina jingine ambalo hata yeye hakuwahi kulisoma.

"Astaghfirullah," akasema. "Huyu amevaa kofia ya mtu."

Akakaa chini, akaomba maji, na mbele ya watu wote akatueleza habari za Mjapani mwenyewe wa nembo ile, jinsi alivyozisikia kwa fundi aliyemfundisha kazi. Kwamba alikuwa mtoto wa fundi chuma, hana shule kubwa. Kwamba alitengeneza vyuma vya ndani ya injini, akapeleka kwa mteja, karibu vyote vikarudishwa. Hakubadilisha karatasi ya kufungia, akaenda kukaa darasani na vijana wadogo mpaka akajua kosa liko wapi. Vita ikaisha, nchi yao imeungua, mafuta hakuna, shida kama zile zetu za sabuni. Akachukua viinjini vya mashine za redio za jeshi, akavifunga kwenye baiskeli, na wa kwanza kujaribishiwa alikuwa mkewe.

"Mkewe!" shangazi akashtuka. "Kwa nini mkewe?"

"Mama, kwa sababu mke akianguka utasikia ukweli siku hiyohiyo. Akapata pikipiki, akazipeleka kwenye mashindano zikadhalilike mbele ya watu, arudi akatengeneze tena. Magari yakaja baadaye. Jina lile alilipata hivyo. Sasa huyu," akagonga tangi nyekundu, likalia kama debe, "yeye amelipata kwa gundi."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana Mzee Wambura alisimama. Akasema kuna mjane wa kiume, mlinzi wa kiwanda cha pamba, ana ng'ombe wanne wenye miguu. Siku ya mnada ujao wa ng'ombe, Magesa asipokuwa na kitu chenye wazazi wanaojulikana, Nyangi anakwenda kwa mlinzi. Ndani tukasikia kikombe kimevunjika. Mpaka leo Nyangi anasema kilimponyoka. Magesa alikaa kwenye magunia akafunika uso, na mimi nikajua ni nani aliyemfunika.

Kesho yake nilikwenda Kitaji mwenyewe. Mchumba kwenda kwa mwanaume kabla hajachukuliwa ni aibu, lakini aibu ndiyo iliyotufikisha pale, nikaamua niibebe yote niimalize. Nikamkuta Kisiri anafunga magunia ya dagaa kwenye ile kuukuu.

Nikamweleza. Sikuficha hata ufa wa jikoni. Akasikiliza akiendelea kukaza kamba.

"Wakuru," akasema, "ningetaka kukudanganya ningekuoa haraka zaidi."

"Najua."

"Hujui. Hii nikiitoa, dagaa nitabeba kwa kitu gani?"

Nikamwambia, "Kwa kichwa. Na kichwa kitakuwa changu."

Akaniangalia hiyo shingo niliyokuwa najisifia. Akacheka mpaka akakaa kwenye gunia. Kisha akaanza kufungua zile kamba alizokuwa ametoka kuzikaza, na hapo ndipo mimi nilipoolewa, hata kama ng'ombe na kanisa vilikuja baadaye.

Tulikwenda naye Bunda siku ya mnada, nimekaa juu ya yale manyoya ya mbuzi, mvua inatupiga, ile kitu inakohoa na kwenda, inakohoa na kwenda. Mbele ya soko zima, na wasichana wa Butiama waliokuja mnadani wapo, wameniona. Wajionee!

Mlinzi wa kiwanda alishafika na ng'ombe wake wanne. Mzee Wambura akaishika usukani. Akampakia mkewe nyuma, mkewe akampakata mbuzi, mzee akapanda nayo kilima cha Balili ambacho malori yalikuwa yanakipandaga kwa kulia. Tukasikia mlio unapungua, unapungua, ukapotea. Magesa akafumba macho. Halafu ukarudi. Mzee alirudi hana kofia, macho yana machozi ya upepo, mke anamtukana, mbuzi kimya.

Fundi Rajabu akaweka bisibisi sikioni, akatabasamu. "Hii hata nembo haina tena. Lakini ndiyo yenyewe."

"Naipokea," Mzee Wambura akasema. "Ila kwa ng'ombe watatu. Imezeeka."

"Wanne," Kisiri akasema, "au nishuke nayo Musoma." Akapiga kiki. Kiki moja.

"Wanne," akasema Mzee Wambura.

Nyangi ni wifi yangu hadi kesho, na watoto wao saba unawajua. Mimi nilibeba dagaa kichwani, Kitaji hadi sokoni, miaka miwili kamili mpaka Kisiri akapata chombo kingine, na shingo ikaongeza mistari. Ile nyekundu kuku waliipenda sana. Walitagia kwenye siti.

Sasa nasaha zangu ni hizi, usizitafute mbali. Kosa langu halikuwa kupenda kitu kizuri. Mtu alisimama mbele za watu akasema ukweli wa kitu chake, mimi nikauonea aibu ukweli huo, nikamlazimisha atoe kitu cha uongo kwa niaba yangu. Na uongo ule hakuulipa yeye, alikaribia kuulipa kaka yangu. Kwa hiyo mwanangu, ukimpata mtu anayekwambia "hiki nakijua, hiki sikijui," mshike huyo kwa mikono miwili, hata kama anakaa juu ya ngozi ya mbuzi. Na wewe mwenyewe ukitaka jina, lifanyie kazi hadharani, ukikosea urudi ukajifunze. Usiende kulinunua lile la kubandika. Na ukishamkosea mtu, nenda mwenyewe kwa miguu yako, usitume shangazi.

Mungu akujalie kazi itakayokusemea ukiwa umenyamaza. Akupe mwenzi wa kukwambia ukweli asubuhi na kucheka nawe jioni. Nyumba yako isikose samaki, na watoto wako wasikuonee aibu kamwe. Amina, mwanangu. Nenda salama.