Mwalimu Nafuna na Mfalme Aliyeiba Mto

Orpah Nafuna alikuwa mtu wa hasira hata kabla askari hawajampa sababu. Alifundisha darasa la nne mjini Jinja, nchini Uganda, na siku moja alimrudishia mkaguzi wa shule ripoti yake mwenyewe ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Mumewe Odhiambo, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, alicheka wiki nzima. Odhiambo alitoka upande wa Kenya na hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwa hiyo kelele zote za nyumba ile ya mtaa wa Walukuba zilikuwa za mkewe.

Wahindi walipofukuzwa, mkutubi mmoja wa Kihindi alimwachia Nafuna vitabu vitatu vinene vya Kiingereza. Vilikuwa hadithi moja ndefu, juu ya mfalme aliyeuiba mto wa nchi yake na kuufungia ndani ya sanduku, na binti wa mhunzi aliyevuka milima kwenda kuurudisha. Mfalme huyo aliwaogopa wapishi wake, na kila mwaka alijiongezea cheo kipya, hata mpiga mbiu alizimia akiyasoma majina yake yote.

Kila jioni watoto watatu wa Nafuna walipokwisha kula, walijilaza kwenye mkeka, naye akawasomea. Macho yake yalipita kwenye Kiingereza, mdomo ukatoa Kiswahili, lugha aliyoinywa utotoni kwenye nyumba za reli, alikofanya kazi baba yake. Hakuwahi kusoma mbele peke yake. Alitaka kushtuka pamoja na watoto.

Huko Kiswahili kilijulikana kama lugha ya jeshi, na jirani mmoja alimwuliza, "Mwalimu, kwa nini unawasomea watoto kwa lugha ya askari?"

"Askari wameikuta," Nafuna alimjibu. "Hawakuizaa wao."

Ukuta wa chumba ulikuwa mwembamba. Upande wa pili aliishi Gaster, sajini wa magereza, mtu mpole kutoka kaskazini, na ikawa naye anasikiliza. Asubuhi alikuwa akiuliza kwenye bomba la maji, "Mwalimu, yule binti amevuka daraja?" Nafuna alimpenda kwa hilo. Lakini Gaster alikuwa na mdomo, na siku moja mwaka 1975, kwenye kilabu cha pombe, aliwachekesha wenzake kwa habari za mfalme mwenye vyeo. Luteni mmoja wa jeshi alikuwa amekaa meza ya pili. Yeye hakucheka.

Jumamosi alasiri luteni huyo alifika Walukuba na askari wawili. Kitabu cha kwanza na cha pili vilikuwa vimekwisha kusomwa. Cha tatu kilikuwa mezani, hakijafunguliwa.

"Wewe ndio mwalimu ya kusoma mambo ya mfalme?"

"Ni mimi, afande."

"Soma."

Nafuna alichukua kitabu cha kwanza akasoma ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, taratibu, kama anayesomea darasa. Luteni alimkatiza. "Huyu mfalme ni nani?"

"Ni mfalme wa kitabuni, afande. Kimeandikwa ng'ambo, zamani."

"Hapana danganya mimi. Sisi najua huyu mutu."

"Mnamjua?" Nafuna aliweka kitabu chini. "Basi niambie ni nani, afande. Mimi simjui."

Luteni akafungua mdomo, akaufunga. Askari wake wawili walikuwa wanamtazama, wakingoja jina. Kama lingetoka kinywani mwake, tusi lingekuwa lake, si la mwalimu tena.

Hapo Nafuna angeweza kunyamaza. Odhiambo alikuwa mlangoni, mikono yake imejaa povu la sabuni, akamwambia polepole, "Mama Wilkista, basi." Lakini hasira ilikuwa imekwisha kumpanda.

"Mtu anayeiba mto," alisema, "anayeogopa wapishi wake, anayejipa vyeo mwenyewe. Anafanana na nani, afande?"

Luteni alikusanya vitabu vyote vitatu, akampa askari mmoja avibebe. Kisha akamnyooshea Odhiambo kidole. "Huyu Mkenya nakwenda na sisi."

Walimchukua na povu lake mikononi.

Kwa siku kumi na moja, kila masomo ya siku yalipokwisha, Nafuna alikwenda kwenye lango la kambi ya jeshi na chakula ndani ya kitambaa. Askari wa lango walipokea chakula, wakamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo. "Kama hayupo, rudisheni chakula," aliwaambia siku ya tano. Walicheka, wakala mbele yake. Alirudi siku ya sita na chakula kingine, akiwa amejaa chuki hata hakuweza kutema mate.

Odhiambo alitupwa kando ya barabara ya Buwenge. Mwenye baiskeli mmoja alimpakia nyuma akamfikisha nyumbani. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimepondwa, na kiwandani nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Nafuna alimwuliza walimfanya nini. Odhiambo alitazama ukuta. Alimwuliza tena kesho yake, na kesho kutwa, hata sauti yake ikasikika njiani.

Gaster alikuja na kilo mbili za sukari, wakati ambapo sukari ilikuwa haionekani mjini ila kwa wakubwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Mwalimu, mimi nasema tu kwa kuchekesha. Hapana jua."

Nafuna alipokea mfuko, akaupasua, akaimwaga sukari yote kwenye tope la mfereji. Watoto walilia kwa sauti. Wilkista, mkubwa wao, wa miaka kumi, alipiga magoti akaanza kuichota kwa viganja, na mama yake akamvuta kwa mkono akamrudisha ndani.

Mwezi huohuo walihamia mji wa Mbale, kwao Nafuna, wakapata chumba kimoja mtaa wa Namatala. Hakuna shule iliyotaka kumwandika mwalimu ambaye mumewe amewahi kuchukuliwa, kwa hiyo alifundisha watoto wa jirani kwenye baraza, akilipwa mahindi. Odhiambo alikaa ndani.

Watoto walitaka hadithi yao. Binti wa mhunzi alikuwa ameachwa mbele ya geti la mfalme, na kitabu cha tatu kilikuwa kimekwenda na luteni.

"Sijui!" Nafuna aliwafokea. "Sikusoma mbele!"

Baadaye alianza kuubuni mwisho. Usiku wa kwanza binti alichoma kambi. Wa pili alichinja askari mia moja, na Nafuna akaeleza shingo moja moja. Usiku wa tatu Wilkista aliinuka kwenye mkeka. "Mama, hii si hadithi. Ni wewe unagombana."

Nafuna alitoka nje akasugua sufuria ambazo zilikuwa safi. Asubuhi alichukua daftari akaanza kuandika, maana alijua kwamba akiandika atajisahihisha.

Ilimchukua zaidi ya mwaka. Jioni moja aliwasomea watoto mahali alipofika: kaka wa binti amekamatwa, na walinzi wanamuuliza siri ya sanduku, wanamuuliza usiku kucha.

"Hawaulizi," alisema Odhiambo, uso ukiwa ukutani.

Watoto waligeuka. Nafuna alishusha daftari.

"Hawamuulizi kitu," aliendelea. "Anakaa akipanga majibu. Kila mlango ukifunguka anasema sasa wataniuliza. Wanampiga, wanaondoka. Hakuna anayetaka kujua jambo lolote kwake."

"Halafu?" aliuliza Wilkista.

Odhiambo aliwaeleza, akitaja jina la kaka wa binti, si lake, mpaka mwisho. Nafuna aliandika kila neno, machozi na ghadhabu vikimchafulia karatasi. Watoto walipolala alimgeukia. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungerudi langoni."

Alijua ni kweli. Lakini alikaa siku mbili bila kumsemesha, kwa kuwa yeye angetaka kuamua mwenyewe kama angerudi.

Mwisho alioandika haukuwa na kuchinjana. Mfalme anaketishwa mbele ya nchi nzima, na kila mtu anapewa nafasi ya kumwambia alichotendewa naye. Kesi hiyo ilijaza madaftari mawili, na watoto waliomba isomwe tena na tena.

Mwaka 1979 utawala wa jeshi ulipoanguka, Nafuna alirudishwa kazini, na Odhiambo alikuwa amejifunza kutengeneza cherehani kwa mkono wa kushoto. Luteni hakuonekana tena. Nafuna aliandikia wakubwa wapya barua sita, akieleza sura yake, cheo chake na tarehe. Hakuna aliyejibu. Mwalimu mwenzake, Proscovia, alimshauri aache, yamekwisha pita.

"Yamepita wapi?" alisema Nafuna, akavuta karatasi akaanza barua ya saba.