Mkeka Alioutafuna Mama

Mtu akiniambia leo kwamba amepoteza kitu na anakwenda ofisini kukidai, namshauri aende na tumbo tupu. Mimi nilikwenda nimekunywa maziwa, nikayatapika yote kwenye viatu vya sajini, na sijawahi kumwomba radhi.

Nilikuwa mke mpya, na mimba yangu ya kwanza. Vita vya shifta, kama serikali ilivyowaita waasi, vilikuwa vimefika mahali ambapo mwenye ngamia aliitwa shifta, na asiye na ngamia aliulizwa amewaficha wapi. Amri ikatoka kwamba watu wote wa malishoni waingie vijijini. Kijiji chetu kilikuwa uwanja mtupu uliozungushiwa ua wa miiba, karibu na mto Tana, mwendo mfupi kutoka mji wa Garissa, na kambi ya askari ilikaa mlangoni. Hakuna aliyetoka bila ruhusa, wala hakuna aliyeingia bila kupekuliwa. Sijui ni nani aliyekiona kitu kile akakiita kijiji.

Siku ya kuhamishwa tulizivunja nyumba zetu kwa mikono yetu, kama tulivyozoea. Nyumba yetu, aqal, ni fito zilizopindwa na mikeka mizito inayolazwa juu yake. Mwanamke huifungua asubuhi, humpakia ngamia, na jioni huisimamisha kwingine. Safari hii tukaambiwa ngamia hawaji nasi, kuna lori. Lori likaja, watu wakajaa, na mafungu ya nyumba yakabaki chini. Askari mmoja akasema yatakuja kesho. Nilimwamini kwa sababu alikuwa na mvi na alifanana na mjomba wangu, kana kwamba uso wa mtu ni dhamana.

Kijijini nilipewa pembe kwa eedo wa mume wangu, yaani shangazi yake, chini ya turubai moja na watu ambao hata majina yao nilikuwa sijayashika. Kwetu mwanamke hujifungua ndani ya aqal yake mwenyewe, na humo ndimo hukaa arobaini yake. Asiyekuwa na aqal, hata awe na mahari ya ngamia wangapi, ni mtu wa kulala kwa watu. Eedo hakunisema. Alikuwa akishusha pumzi tu kila nilipotandika, na pumzi ile ilinichoma kuliko matusi. Tumbo langu lilikuwa limeanza kushuka.

Aqal hainunuliwi. Yangu ilifumwa na mama na dada zake kabla ya harusi. Gome la ndani la mgunga hutafunwa na wanawake, huviringishwa mdomoni kutwa nzima mpaka lilainike liwe uzi, na uzi huo ndio mkeka. Nawakumbuka wamekaa chini, mashavu yamevimba, meno yamekuwa mekundu, hawawezi hata kusengenya kwa sababu midomo imejaa. Mama hakuwa na magego upande wa kushoto. Uzi wake ulitoka mnene, na vijifundo, na dada zake walimtania kwamba anafuma ukoka. Alifariki mvua iliyofuata. Kwa hiyo ningeambiwa nifume nyingine, ningesema mdomo wa kuitafuna umeshazikwa.

Ndipo askari akapita na kipaza sauti. Vitu vilivyookotwa porini, akasema, vimewekwa stoo ya kambi, kila mwenye chake aje adai. Neno lile, vilivyookotwa, lilinikaa kooni. Mtu huokota kilichodondoka, na sisi hatukudondosha kitu. Lakini nilijifunga shuka nikaenda, kwa sababu mtoto hangojei watu wakubaliane juu ya maneno.

Kiswahili nilikuwa nacho. Utotoni niliuza maziwa mjini, nikajifunza lugha kwa kugombana na wateja. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye masomo ya ngumbaru, na kalamu yangu sasa inaandika p, herufi ambayo lugha yetu haina, vizuri kabisa. Ulimi ndio haujakubali mpaka leo. Sajini aliyekaa mezani mbele ya stoo alikuwa mtu mnene, mtu wa bara, gilasi ya chai mkononi.

"Umepoteza nini, mama?"

"Nyumba."

"Nini?"

"Nyumba yangu imebotea, afande. Iko na fito, iko na mikeka. Ilikuwa imefungwa fungu moja."

Aliiweka gilasi chini taratibu ili asimwage. Kisha akageuka akawaita wenzake. "Njooni msikie! Huyu mama nyumba yake imebotea!" Wakaja. Mmoja akauliza kama ilikuwa na miguu. Mwingine akasema labda imetoroka na shifta. Sajini akafuta machozi ya kicheko, akanieleza kama anayemfundisha mtoto, kwamba ng'ombe hupotea, pesa hupotea, hata mke hupotea, lakini nyumba hukaa palepale. Nikamwambia yangu hupanda ngamia. Hapo walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Nilisimama na tumbo langu nikiwatazama meno.

"Na tena," akasema sajini alipopata pumzi, "nyumba ni ya mwanamume. Mlete mumeo."

Kesho yake nikaja na mume wangu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu ngamia wake wachukuliwe alikuwa amepunguza hata hayo machache. Sajini akamwuliza kama ni kweli amepoteza nyumba.

"Nyumba ni ya yeye," akajibu. "Mimi nalala tu."

Wakacheka tena, wakampiga mgongoni, wakamwita bwana harusi. Yeye alisimama vilevile, uso mkavu. Alikuwa amesema kweli tupu. Kwetu mwanamke akiachwa huondoka na aqal yake, na mwanamume hubaki na jua lake. Nilimpenda sana saa ile, ingawa sikumwambia.

Hatimaye tukafunguliwa stoo. Harufu ya maziwa yaliyochacha na mavi ya panya ilitupokea mlangoni. Vibuyu vya watu, kengele za mbao za ngamia, mbao za watoto za kusomea Kurani, matandiko, viatu vya mtoto mdogo, vyote vimerundikwa kama takataka. Mwanamke mmoja alikuwa akivuta kibuyu nilichokijua kuwa cha jirani yetu, na aliponiona namwona akavuta kwa nguvu zaidi. Hapo sikujua nimchukie nani. Katika rundo lile nilipata fito zangu chache, zile fupi za mlangoni. Nikauliza zilipo nyingine.

"Zile kuni?" akasema sajini, akainua gilasi yake. "Si ndizo zimechemsha hii?"

Akanywa.

Mwenye mimba hana subira ya haja ndogo. Niliomba pa kwenda, wakanionyesha nyuma ya kambi. Vyoo vilikuwa mashimo yaliyopangwa mstari, kila shimo na ukuta wake, na kuta zile zilikuwa nyumba zetu. Nilizijua moja baada ya nyingine kama ninavyojua watu kwa mwendo. Yangu ilikuwa ya mwisho, mahali ambapo wanaume walikuwa wanasimama wakielekea ukutani. Kuanzia kiunoni kwenda chini ilikuwa nyeusi, imelowa, na nzi wametanda juu yake. Sikutaka kuamini. Nikanyoosha mkono sehemu ya juu, palipokavu, nikapapasa, na vidole vikakuta vijifundo. Mama. Gome aliloliviringisha mdomoni mpaka taya likauma, mate yake mwenyewe, na wao wakaja kila asubuhi kujisaidia juu yake.

Sajini alinifuata kuona kwa nini nimekawia. Ndipo nilipotapika, na viatu vyake vilikuwa karibu.

"Wewe!"

"Hii ni nyumba yangu," nikasema.

"Hii ni choo."

"Ni yangu."

"Umejuaje? Imeandikwa jina?"

"Mama yangu ameitafuna."

Alinitazama juu chini. Kisha uso ukafunguka. "Mama yako," akasema, na sauti yenyewe ilikuwa imeshaanza kutetemeka kwa kicheko, "alitafuna choo?"

Nimepigwa kitako cha bunduki maishani mwangu. Nimelala njaa. Hayo nayakumbuka, yanaumiza, yanapita. Kicheko kile hakijapita. Mpaka leo nikisikia mwanamume mnene anacheka kwa kuinama na kushika magoti, mate hunijaa mdomoni, nami huondoka mahali hapo.

Hata hivyo nilipewa. Nisije nikasifiwa bure, sikupewa kwa haki yangu wala kwa hoja yangu. Mabati mapya yalikuwa yameegemezwa kando, yamekuja na lori la wiki ile, na kuta za mikeka zilikuwa zing'olewe. "Chukua," akasema sajini, akipangusa kiatu kwenye mchanga. "Utatupunguzia kazi." Akasubiri. Ikanibidi niseme asante, nikaisema.

Mume wangu aliubeba mkeka kichwani, wenye maji yake, katikati ya kijiji, na watoto wakikimbia mbele wakiziba pua. Tulipewa ruhusa ya kwenda mtoni, askari akisimama nyuma yetu. Tuliusugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa miguu, mpaka maji yakawa yanatoka meupe. Wanaume wa kwetu hawasugui mikeka. Wangu alisugua mpaka viganja vikachubuka, akasema maji yanayotiririka huondoa najisi. Dini iliridhika. Pua haikuridhika. Tuliuanika, nikaufukiza kwa uunsi, ubani wetu wa nyumbani, asubuhi na jioni, na penye jua kali mtu angeweza kujidanganya.

Mume wangu alikata matawi ukingoni mwa mto badala ya fito zilizochemsha chai, na aqal yangu ikasimama, ndogo, imepinda upande. Mikeka mingine ilikuwa ya kuazima. Ule wa mama niliuweka ukutani, upande wa kichwani pangu. Nilijifungua humo mtoto wa kike, na eedo mwenyewe ndiye aliyempokea, hakushusha pumzi hata mara moja.

Mvua ilianza kabla arobaini haijaisha. Mkeka ukinyeshewa ulikumbuka kila kitu. Harufu ilipanda kutoka kichwani pangu, ikaingia kwenye nguo, kwenye maziwa, kwenye nywele za mtoto. Wageni walikaa kidogo, wakabariki upesi, wakaaga. Nilichoma uunsi mpaka ukaniishia.

Asubuhi moja ya mvua hiyo wakaja kuhesabu watu. Alikuwa sajini yuleyule. Aliinama mlangoni, akaingiza kichwa, akakirudisha nje na mkono puani.

"Nyinyi watu!" akasema. "Mnanuka hivi kwa nini? Mama, unamlea mtoto mchanga ndani ya uchafu huu, na mto uko hapo?"

Nilikuwa nanyonyesha. Sikusimama.

"Karibu ndani, afande," nikasema. "Ukuta hii unaijua."

Akaingiza kichwa tena, akaangalia nilipomwonyesha. Aliugusa mkeka kwa ncha ya fimbo yake, akafuata nyuzi zake mpaka juu. Nilimkazia macho, nikingoja uso wake ubadilike.

"Kazi nzuri," akasema. "Mnafuma wenyewe?"

Haukuwa utani. Alikuwa amesahau. Akahesabu mume, mke, mtoto, akaenda mlango wa jirani, na mimi nikamgeuza binti yangu kwenye titi la pili, pua yake ikaelekea ukutani.